Grili na lango moja: Hosteli za wanafunzi zinavyogeuka mtego

KILA mwaka masomo ya vyuo vikuu yanapofunguliwa, wazazi kutoka pembe zote za nchi huandamana na watoto wao hadi Juja, Kahawa Wendani, Njoro, Kesses, Maseno na Lurambi kutafuta chumba. Swali la kwanza huwa kodi. La pili huwa maji. La tatu, hasa kwa mzazi aliye na binti, huwa usalama, na hapo msimamizi wa nyumba hujibu kwa fahari huku akinyoosha kidole: ukuta mrefu, grili katika kila dirisha, na lango moja la chuma linalofungwa usiku.

Ni nadra mzazi kuuliza swali la nne: Je, lango hilo likiwa limefungwa na moto uzuke ghorofa ya pili, mtoto anayelala ghorofa ya tano atatokea wapi?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuwa la kwanza kila mjadala kuhusu usanifu wa makazi ya wanafunzi unapozuka. Mjadala wenyewe kwa kawaida huishia kwenye idadi ya vitanda: vyuo vina vitanda vichache, wanafunzi ni wengi, kwa hivyo na vijengwe vingi haraka. Hilo ni kweli. Hata hivyo, vitanda vinaweza kuongezeka na hatari ikaongezeka navyo, na ndivyo ilivyo katika mitaa mingi inayozunguka vyuo vyetu.

Hali hii haikuanza jana. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, kilichipuka kutoka kambi ya kijeshi. Mnamo 1965 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipokea kambi ya Templer iliyoko Kahawa kutoka kwa Waingereza na kuigeuza kuwa Chuo cha Kenyatta. Wanafunzi wa mwanzo walirithi mahali palipojengewa askari. Jijini, mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi yaliyo kando ya barabara ya State House yalifuata sura iliyozoeleka ulimwenguni enzi hizo: majengo marefu, vyumba pande mbili za ushoroba, na bafu za pamoja. Si majumba ya kupendeza, lakini kati ya jengo na jengo pana nyasi, miti na nafasi ya mtu kukimbilia.

Wakati huo chuo kilihesabu malazi kuwa wajibu wake. Wajibu huo ulianza kulegea serikali ilipoingiza sera ya kugawana gharama mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mnamo 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanaojilipia karo, vyuo vingine vikafuata mkondo huo, na madarasa yakajaa hadi usiku. Kisha kufikia 2013 idadi ya vyuo vikuu vya umma ilipanda ghafla kutoka saba hadi 22. Kumbi za mihadhara zilipatikana kwa kukodi, kupanga upya ratiba au kubana viti. Kitanda hakibaniki hivyo. Mwanafunzi lazima alale mahali, na pale chuo kiliposhindwa, mwenye ploti aliingia.

Huyo mwenye ploti si mhalifu. Aghalabu ni mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa mji mdogo au chama cha akina mama waliochanga fedha kwa miaka. Wana ploti ya futi hamsini kwa mia na mkopo wa benki unaowakodolea macho. Kwa hivyo jengo huchukua ploti yote, kutoka mpaka hadi mpaka. Katikati hupita ushoroba mwembamba, vyumba vikiwa kulia na kushoto, vingi vyavyo dirisha lake likitazama ukuta wa jirani ulio hatua mbili tu kutoka hapo. Ngazi ni moja. Mara nyingi chini ya ngazi hiyo ndipo panapowekwa mita zote za stima, na pengine pikipiki za wapangaji pia.

Mchana ushoroba huo huwa na giza kiasi kwamba taa haizimwi. Ndani ya chumba, mwanafunzi anapika. Ana mtungi wa gesi wa kilo 6 au jiko la umeme la koili, na soketi moja inayogawiwa kwa ekstensheni ili ihudumie jiko, pasi, kompyuta na simu mbili. Nguo zimeanikwa juu ya kitanda kwa kuwa hakuna roshani. Godoro ni la sponji, kitu kinachotoa moshi mzito wenye sumu kinapoungua.

Mtu hahitaji kuwa mhandisi kuona jinsi mambo haya yanavyoshikana. Moto ukizuka katika chumba kimoja, moshi hutoka mlangoni na kuingia ushorobani. Ushoroba hauna dirisha, kwa hivyo moshi huelekea mahali pekee palipo wazi, nako ni kwenye ngazi. Ngazi iliyozungukwa na kuta pande zote hufanya kazi ya dohani: huvuta moshi kutoka chini na kuusukuma juu. Kwa dakika chache, njia ya pekee ya kutoka huwa ndiyo njia ya moshi. Anayebaki chumbani hukimbilia dirishani, na dirishani pana grili.

Nchi hii imelipia somo hilo kwa damu, ingawa zaidi katika shule za bweni kuliko vyuoni. Mnamo Machi 1998 wasichana 26 waliangamia katika shule ya upili ya Bombolulu, eneo la Pwani. Miaka mitatu baadaye, usiku wa Machi 26, 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mmoja wa milango miwili ya bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 moto uliwaua wanafunzi katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ndani ya bweni lililokuwa likilaza watoto zaidi ya 150.

Baadhi ya mioto hiyo iliwashwa kwa makusudi, na mahakama zina kazi yake huko. Lakini anayewasha moto hawezi kuua makumi ya watu ikiwa jengo linawaachilia watoke. Tofauti kati ya hasara ya magodoro na mazishi ya halaiki mara nyingi ni upana wa mlango na upande unaofungukia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba haya yote yamekwisha kuandikwa. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mnamo 2008 unaeleza bayana: nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, njia katikati ya bweni isipungue mita 2, milango iwe na upana wa angalau futi tano na ifungukie nje, pawe na mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na grili. Ni maagizo ambayo fundi wa kawaida anaweza kuyasoma na kuyatekeleza.

Mwongozo huo, hata hivyo, ni wa shule. Mwanafunzi akihitimu kidato cha nne na kwenda chuoni, anaingia katika hosteli ya mtu binafsi ambayo machoni pa sheria ni nyumba ya kupanga kama nyingine yoyote. Ramani iliyopelekwa kwa kaunti huenda ilionyesha fleti za familia: sebule, jikoni, vyumba viwili. Baada ya idhini kutolewa, sebule hugawanywa kwa mbao, na fleti ya watu wanne hulaza vijana wanane. Hakuna aliyevunja ukuta wa nje, kwa hivyo hakuna anayeona mabadiliko kutoka barabarani. Idadi ya watu imeongezeka maradufu, ngazi imebaki ile ile.

Mbona basi wenye nyumba wanang'ang'ania grili na lango moja? Kwa sababu mwizi wanamjua. Kompyuta ya mpangaji huibwa muhula huu na mwingine, na mwenye nyumba hulaumiwa, ilhali moto wengi wao hawajauona. Aidha, baada ya Aprili 2, 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi, hakuna anayeweza kumcheka msimamizi anayetaka ukuta, walinzi na lango la kukagulia watu. Hofu hiyo ina msingi.

Tatizo ni kuichukulia hofu moja kana kwamba ndiyo pekee. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu ukuta umejengwa, ufa ukaachwa.

Wasanifu wa majengo wamekuwa wakikabiliana na mvutano huu kwa karne nyingi, na mojawapo ya majibu yake bora liko hapa nyumbani. Nyumba ya kale ya mawe ya Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mnamo 2001, huonyesha mtaani uso mgumu usio na madirisha mengi. Mgeni hupokewa kwenye daka, penye baraza za kukalia. Ndani kuna ua ulio wazi juu, na vyumba hupata mwanga na upepo kutoka huko. Usalama wa nyumba hiyo hautokani na chuma tu. Unatokana na jicho. Anayeketi barazani anamwona apitaye, na anayeishi ndani hawezi kupita uani bila kuonekana na wenzake.

Mbali sana na Lamu, jijini Copenhagen, Denmark, wasanifu wa kampuni ya Lundgaard & Tranberg walitumia fikra ya aina hiyo hiyo kwa wanafunzi. Hosteli ya Tietgen, iliyofunguliwa mnamo 2006, ni jengo la duara la ghorofa saba lenye vyumba takriban 360. Mfano wao ulikuwa nyumba za duara za Wahakka wa kusini mwa China, zilizojengwa kwa ajili ya ulinzi. Vyumba vya kulala hutazama nje. Jikoni na sebule za pamoja hutazama ua wa ndani. Kila wanafunzi 12 hutumia jikoni moja. Usiku mtu akipita uani, makumi ya madirisha yenye taa yanamwona. Duara lenyewe limekatwa mahali patano kutoka juu hadi chini, hivi kwamba mtu yeyote ana zaidi ya njia moja ya kushuka.

Bila shaka Denmark ni nchi tajiri, na mwenye ploti ya Juja hatajenga duara. Lakini mambo mawili katika jengo hilo hayahitaji utajiri. La kwanza ni kuondoa mapishi chumbani na kuyaweka jikoni ya pamoja yenye dirisha kubwa, mbali na magodoro. La pili ni kuhamisha ushoroba kutoka tumboni mwa jengo na kuuweka nje, kama varanda inayozunguka ua. Varanda haijai moshi, kwani moshi hupanda na kwenda zake. Hali ya hewa ya nyanda zetu za juu, ambako hakuna theluji wala joto la kuunguza, inaruhusu jambo hilo kuliko ile ya Copenhagen.

Hapa ndipo mwenye nyumba huuliza kuhusu pesa, na ana haki ya kujibiwa kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba jengo la ghorofa sita kwenye ploti ya hamsini kwa mia lina vyumba 18 kila ghorofa, wanafunzi wawili kila chumba. Hivyo ni vitanda 216. Akiacha vyumba vitatu kila ghorofa ili apate ua na ngazi ya pili, atapoteza vitanda 36. Kodi ikiwa Sh5,000 kwa kitanda, hiyo ni Sh180,000 kila mwezi, sehemu moja kwa sita ya mapato yake. Ataokoa kiasi kwenye bili ya taa za mchana na huenda wapangaji wakamkalia muda mrefu zaidi, ila si kiasi cha kufidia pengo lote. Anayedai kwamba usanifu bora hujilipia wenyewe anamdanganya mwenye ploti, naye mwenye ploti si mjinga.

Maana yake ni kwamba soko peke yake halitaleta ngazi ya pili. Jirani akijenga bila ua atatoza kodi ndogo na kujaza nyumba yake kwanza. Ni lazima kanuni imbane kila mmoja kwa kipimo kile kile, ndipo asiwepo anayeadhibiwa kwa kufanya vyema.

Historia ya miji inathibitisha hilo. Berlin ya karne ya 19 ilijaa nyumba za kupanga zilizobanana na kunyimwa mwanga, kiasi kwamba mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake Tenement Cities cha 2011, alizilinganisha na zile za Nairobi. Lakini hata katika mji huo uliotawaliwa na walanguzi wa ardhi, kanuni ya 1853 ililazimisha kila ua uwe na angalau mita 5.34 kila upande. Kipimo hicho cha ajabu hakikutokana na huruma kwa wapangaji. Ilikuwa nafasi ambayo gari la zimamoto la enzi hizo lilihitaji ili ligeuke. Ulikuwa ua finyu mno, lakini hakuna mjenzi aliyeweza kuukwepa.

Uingereza nayo ilijifunza kwa machungu. Jengo la Grenfell Tower jijini London, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, liliteketea Juni 2017 na watu 72 wakafa. Baadaye serikali iliamua kwamba majengo mapya ya makazi England yanayozidi mita 18 yatalazimika kuwa na ngazi ya pili.

Kenya kwa miongo mingi ilitegemea kanuni za ujenzi za 1968, zilizonakiliwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Waingereza. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 1, 2025. Ni hatua iliyongojewa mno. Hata hivyo, kanuni hukagua ramani, na kama ilivyoonekana, hatari ya hosteli nyingi huja baada ya ramani kupigwa muhuri. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye mamlaka ya kuidhinisha majengo, zinahitaji kurudi mlangoni mwaka mmoja baadaye na kuhesabu vitanda. Kaunti hizo hutuma maafisa wake kila mara kukagua leseni za biashara. Haieleweki kwa nini haziwezi kumtuma afisa kupanda ngazi.

Itakumbukwa pia kwamba kuna wawekezaji wakubwa walioingia katika sekta hii, na kazi yao inastahili kutajwa. Kampuni ya Acorn, inayomiliki hosteli za Qwetu na zile za bei ya chini za Qejani, ilichangisha Sh4.3 bilioni kupitia hatifungani ya kijani mnamo 2019, ya kwanza ya aina yake nchini. Masharti ya fedha hizo yalilazimu majengo yatumie maji na umeme kwa uangalifu kulingana na kipimo cha kimataifa. Yaani mkopeshaji aliweka kanuni, na jengo likaifuata. Lakini hosteli hizo ziko zaidi Nairobi, na kodi yake inamshinda mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB.

Kwa upande wa majengo ya masomo, mfano wa kuvutia zaidi uko mahali ambapo wengi hawatarajii. Kando ya Ziwa Turkana, msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, alikamilisha mnamo 2021 chuo cha Startup Lions kinachowafunza vijana kazi za teknolojia. Minara yake mirefu inaiga vichuguu vya mchwa: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nayo hewa baridi huingia kupitia matundu yaliyo chini, hivyo vyumba hupoa katika mojawapo ya maeneo yenye joto kali zaidi nchini. Mwaka uliofuata Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kutuzwa nishani ya Pritzker. Kanuni ile ile ya hewa inayopanda, ambayo katika hosteli mbovu hugeuza ngazi kuwa dohani la mauti, huko Turkana imefanywa mtumishi.

Kwa majengo ambayo tayari yamesimama, ua hauwezi kuchimbwa tena. Yapo mambo yanayowezekana. Grili inaweza kukatwa na kutiwa bawaba na komeo linalofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo. Ni kazi ya siku chache kwa fundi wa kuchomelea wa jua kali. Ngazi ya chuma inaweza kufungwa nje ya jengo upande wa nyuma. Mita za stima zinaweza kuhamishwa kutoka chini ya ngazi. Lango la pili linaweza kutobolewa ukutani na kuwekewa komeo la namna hiyo hiyo, litakalomzuia wa nje na kumwachilia wa ndani. Hakuna hata moja kati ya haya linalopunguza vitanda.

Kuhusu majengo yajayo, nafasi kubwa iko mikononi mwa serikali yenyewe. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Serikali imetangaza kwamba mabweni ya wanafunzi yatakuwa miongoni mwa nyumba zitakazojengwa kwa mpango huo. Tofauti na mwenye ploti ya hamsini kwa mia, serikali itajenga kwenye ardhi ya vyuo, ambako nafasi ipo, na haina jirani wa kushindana naye kwa kodi. Ramani za mabweni hayo ni mali ya umma kama zilivyo fedha zenyewe. Vyama vya wanafunzi na wazazi wanaokatwa ushuru huo wana haki ya kuomba waonyeshwe, kabla ya msingi kuchimbwa, ngazi ziko ngapi na milango inafungukia upande gani.